Sahani mbili za kilo 20 au tano za kilo 5: mbano upi ni mgumu zaidi?

Mbano wa Bondeni (Nakuru)

Wadau wa vyuma, salamu kutoka Nakuru. Naleta hoja iliyotugawanya pale jimu yetu Bondeni tangu mwezi uliopita, na nimechoka kuisikia ikimalizwa kwa kelele.

Kuna kijana mwenzetu anayebana sahani mbili za chuma za mazoezi, kilo 20 kila moja, kwa mkono mmoja, pande laini zikitazama nje. Anaziinua kutoka sakafuni, anasimama wima, anahesabu mbili kisha anazirudisha bila kuziangusha. Hizo ni kilo 40 zinazoshikiliwa na kidole gumba upande mmoja na vidole vinne upande wa pili, basi. Kuna na mwingine, fundi wa magari mwenye viganja kama beleshi. Yeye mbili za 20 zinamponyoka kila mara, lakini sahani tano za kilo 5 anazibana zote kwa pamoja na kutembea nazo hadi mlangoni kana kwamba amebeba mkate. Hizo ni kilo 25. Jimu nzima ikakata shauri kwamba wa kwanza ndiye mwenye vidole, kwa sababu 40 inazidi 25.

Mimi nasema hukumu hiyo si ya haki. Kijana wa mbili za 20 hajawahi kuinua tano za kilo 5 hata inchi moja. Amejaribu mbele yetu si chini ya mara kumi. Kama 40 ni ngumu kuliko 25, mbona anayeweza 40 anashindwa na 25?

Nilichukua rula nikapima. Mbili za 20 zikishikana ni sentimita 6.8. Tano za kilo 5 ni sentimita 10.4. Mkono wangu, kutoka mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, ni sentimita 18.5. Nikishika sentimita 6.8, kidole gumba kinalala bapa kwenye chuma na nyama yake yote inafanya kazi. Nikishika 10.4, kinanyooka kama fimbo na ninabaki nikibana kwa ncha tu. Ni kidole kilekile, ila sasa kimewekwa mahali ambapo hakina mamlaka.

Kwa mkono wangu mimi, mpangilio kutoka rahisi kwenda juu ni huu: mbili za 15 nafanya hata nikiwa nimechoka, tatu za 10 zinanidai kidogo, nne za kilo 5 ni karibu sawa na hizo tatu, kisha kuna pengo kubwa ndipo zije mbili za 20, ambazo nimeziinua siku nne tu maishani. Tano za kilo 5 bado. Nne za 10 sijazitikisa hata zikatoa sauti.

Jambo jingine kabla sijawaachia uwanja. Tukitazama video za Wamarekani tukumbuke sahani zao ni za ratili. Mbili zao za ratili 45 ni kilo 40.8, kwa hiyo mbili zetu za 20 ziko chini kwa gramu 800 hivi. Lakini tano zao za ratili 10 ni kilo 22.7, na tano zetu za kilo 5 ni 25 kamili. Upande mmoja tunapunjwa sifa na upande mwingine tunajiongezea.

Leteni mawazo, hasa nyinyi wa Kisumu na magharibi. Mnapanga vipi?

Chuma cha Kondele (Kisumu)

Kaka wa Nakuru, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu, ila sikubaliani. Kilo ni kilo. Mbili za 20 ndiyo mbano mama. Ukiingia jimu yoyote duniani ukaziinua, watu wanaacha wanachofanya. Tano za kilo 5 ni suala la ukubwa wa kiganja tu, na kiganja ni cha kuzaliwa nacho. Nguvu ni ile inayotafutwa kwa jasho.

Na mkizungumzia jasho, nyinyi wa Nakuru mko mita 1,850 juu ya bahari, asubuhi ya Julai chuma ni baridi na ngozi ni kavu. Sisi hapa ziwani tuko mita 1,131 na joto linalala nasi. Mbili za 20 ninaziinua saa kumi na mbili asubuhi bila shida. Nikija saa nane mchana zinateleza kama mbuta aliyetolewa majini sasa hivi, hata nikipaka chaki. Mkitaka kulinganisha, tajeni na saa.

Mbano wa Bondeni (Nakuru)

Asante kaka, hilo la saa ni kweli kabisa na nitaanza kuliandika kwenye daftari. Chaki haiongezi nguvu, inakausha jasho tu, na jasho likirudi uko palepale.

Ila kuhusu "kilo ni kilo", hebu tupige hesabu pamoja. Vuta subira, si ndefu.

Sahani hazijaning'inizwa kwa ndoano. Kinachozizuia zisianguke ni msuguano, na msuguano unatokana na jinsi unavyobana. Kilo 40 zinagawanyika: kidole gumba kinabeba 20, vidole vinne vinabeba 20. Tuseme kati ya ngozi yenye chaki na chuma msuguano ni 0.8. Maana yake ukibana kwa nguvu ya kilo 10, unazuia kilo 8 zisiteleze. Ili uzuie 20 kila upande, gawa 20 kwa 0.8: unatakiwa ubane kwa kilo 25.

Sasa chukua tano za kilo 5. Jumla 25, kila upande wa ngozi unabeba 12.5. Gawa kwa 0.8, unapata chini kidogo ya 16. Ukiishia hapo utasema Kondele ameshinda, 25 dhidi ya 16.

Lakini usiishie hapo. Zile sahani tatu za katikati hazigusi ngozi yako popote. Zinashikwa na nini? Zinashikwa na sahani za pembeni, chuma kwa chuma! Sahani ya kwanza inajibeba yenyewe kilo 5, na zile 7.5 zinazobaki upande wake lazima zipite kwenye mgusano kati yake na sahani ya pili. Chuma kilichopakwa rangi kikigusa chuma kinateleza kuliko ngozi. Tuseme 0.3. Gawa 7.5 kwa 0.3: unapata 25.

Kilo 25 tena, ileile ya mbili za 20. Na safari hii unatakiwa uitoe ukiwa umepanua mkono sentimita 10.4.

Kwa mbili za 20 tatizo hilo halipo. Kila sahani inagusa ngozi, kila moja inabebwa na upande wake, na katikati yake hakuna kinachotaka kuteleza. Ndiyo maana nasema tukilinganisha mibano tuhesabu na vipande, si kilo peke yake.

Hizo 0.8 na 0.3 nimezikadiria, na ukizibadilisha matokeo yatasogea. Lakini umbo la hesabu halibadiliki: kadiri vipande vinavyoongezeka, ndivyo mzigo unavyohamia kwenye migusano ambayo vidole vyako havifiki.

Fundi wa Vihiga

Ndugu zangu, mimi jimu siendi. Ni mwashi, miaka kumi na saba sasa. Mtoto wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu kwa sababu alisema mnazungumza habari zangu.

Hayo ya Mbano wa Bondeni ni kweli tupu, tena sisi tunayajua bila hesabu. Tukipakua matofali ya kuchoma kutoka kwenye lori, tunayapanga safu, unaweka kiganja huku na kiganja kule, unabana, unainua safu nzima. Sita ni kawaida. Vijana wenye haraka hubeba nane. Sasa muulize mwashi yeyote, safu ikivunjika inavunjikia wapi? Haiponyoki viganjani hata siku moja. Inaachia katikati, tofali la nne au la tano linachomoka na kukuangukia mguuni. Kidole changu cha mguu wa kushoto ni shahidi.

Na matofali yenyewe yanatofautiana. Yale makavu yenye vumbi jekundu huteleza. Yaliyonyeshewa kidogo yanashikana. Yale yaliyoiva sana tanuruni, yenye uso kama kioo, hayo hubebi safu, unabeba mawili mawili. Kwa hiyo mnapouliza tano au mbili ipi ngumu, mimi ningeuliza kwanza hizo sahani zenyewe zina uso gani.

Chuma cha Kondele (Kisumu)

Fundi, shikamoo. Sasa mmenipata. Nimerudi jimu jioni hii nikatazama kwa makini. Nilibana tano za kilo 5, na kweli, upande wangu haukuteleza kabisa. Sahani ya katikati ndiyo iliyoshuka kwanza, kama droo inayofunguka, halafu zote zikafuata. Miaka yote hiyo nilidhani ni vidole vyangu.

Lakini bado nina swali. Fundi wa magari wa Bondeni yeye anawezaje tano na kushindwa mbili? Kama zote zinataka 25, si angeweza zote?

Mbano wa Bondeni (Nakuru)

Swali zuri. Jibu langu ni kwamba mkono wake ni wa sentimita 21. Kwake 10.4 ndiyo kama 9 na kitu kwangu, kidole gumba chake bado kinalala bapa. Halafu sahani zetu za kilo 5 ni za zamani, rangi imeliwa na kutu imezifanya kuwa na ukwaruzo, huenda msuguano wake ni zaidi ya 0.3. Zile za 20 ni mpya na zinang'aa. Na yeye huja jimu akitoka gereji. Ukimshika mkono unasikia bado ana oili kwenye mistari ya vidole.

Dada Fizio (Kisumu)

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na nimefurahi kuona wanaume wakizungumzia kidole gumba kwa heshima hii. Niongeze kitu.

Kliniki tunapima mibano mitatu kwa kifaa kidogo. Ncha kwa ncha, kama unavyookota sindano. Kidole gumba dhidi ya ubavu wa kidole cha shahada, kama unavyozungusha ufunguo. Na kidole gumba dhidi ya vidole viwili. Vipimo vya Marekani vya 1985, ambavyo bado vinatumika sana, vinaonyesha mwanamume wa miaka ya ishirini na kitu anatoa karibu kilo 12 kwa mbano wa ufunguo na kilo 8 tu kwa ncha. Mkono ni uleule! Kwa hiyo Mbano wa Bondeni anaposema kidole kikinyooka "hakina mamlaka", ameona sawasawa. Akipanua hadi 10.4 anatoka kwenye mbano mnene anaingia kwenye mbano wa ncha.

Msuli unaofanya kazi kubwa hapo ni ule wa bapa unaovuta kidole gumba kuelekea kiganjani. Bonyeza ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ukiwa unabana kitu, utausikia unakaza. Unaendeshwa na neva ya alna, ileile inayopita nyuma ya kiwiko, unayoigonga mlangoni mkono ukafa ganzi. Mwaka 1915 daktari Mfaransa, Jules Froment, alieleza kipimo ambacho tunakitumia hadi leo: mgonjwa anabana karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, unaivuta. Neva ikiwa imedhoofika, anakunja kiungo cha ncha ya kidole gumba ili kuizuia, kwa sababu anaazima msuli mwingine unaoendeshwa na neva nyingine.

Nimeyasema hayo kwa sababu naona vijana wengi wakibana sahani huku ncha ya kidole gumba imejikunja kama ndoano. Kwa mtu mzima wa afya si ugonjwa, ni msuli mkuu umechoka na mwingine umeitwa kusaidia. Mkiona hivyo, seti imeisha. Weka chini.

Na tafadhali, kile kiungo cha chini kabisa cha kidole gumba, kilichoumbwa kama tandiko la farasi, kinabeba mgandamizo zaidi ya mara kumi ya ule ulio kwenye ncha. Maumivu yakianza hapo si ya kuvumilia kiume. Siku mbili au tatu za kupumzika kati ya mazoezi mazito ya kubana, na usibane kila siku kwa sababu tu sahani zipo.

Mzee wa Kakamega

Vijana, mnanifurahisha. Nilikuwa nikifuatilia mambo haya kwenye magazeti ya vyuma tangu zamani, na naona mmesahau mbano mmoja unaomaliza ubishi wa Kondele.

Kuna kitu wanakiita Blob. Ni kichwa cha dambeli ya kampuni ya York, ya ratili 100, kilichokatwa, nusu yake. Uzito wake ni takriban kilo 22, kipande kimoja cha chuma. Aliyekifanya kijulikane ni Mmarekani Richard Sorin, yuleyule ambaye mwaka 1991 alikuwa wa kwanza kuidhinishwa kwa kufunga kishikio cha springi namba 3 cha IronMind, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mazoezi. Kilo 22 tu, na kuna watu wanaobana mbili za ratili 45, kilo 40.8, ambao Blob imekataa kuondoka chini kwao. Ni pana, na pande zake zimeinama kuelekea juu, kwa hiyo ukibana inakuwa kama inakuteleza yenyewe. Hapo hakuna hadithi ya vipande vya katikati. Ni upana na mwinamo peke yake.

Tofautisheni pia na dambeli ya Thomas Inch, mnyanyua vyuma wa Uingereza, kilo 78, mpini wa sentimita 6. Watu huichanganya na mibano. Ile ni kushika mpini mnene, vidole vinazunguka, na tatizo lake ni kwamba inataka kujizungusha mkononi. Mtu anaweza kuinyanyua ile akashindwa na sahani, na kinyume chake.

Halafu kuna kuinua sahani kwa kitovu chake, ile duara iliyoinuka katikati. Hiyo nayo ni ya peke yake, ncha tano zimekusanyika kama unayefungua kifuniko cha mtungi. Usiipange kwenye ngazi moja na hizi zenu.

Kiganja Kidogo (Bungoma)

Shikamoo mzee. Mimi mkono wangu ni sentimita 17 na nusu. Kwa mazungumzo haya ni kama milango imefungwa kwangu?

Chuma cha Kondele (Kisumu)

Haijafungwa. Acha sahani kwa sasa. Nenda kwa fundi wa mbao akukatie kipande cha mbao ya mbili kwa nne, urefu wa shubiri moja. Toboa katikati, tia boliti yenye pete, funga mnyororo, ning'iniza uzito wowote ulio nao, hata ndoo ya mchanga. Mimi yangu nilitengenezewa na jua kali pale Kibuye. Mbao hiyo ni nyembamba na inakaa vizuri kwenye mkono mdogo. Hata wanaoshindana kwa mbano wa mikono miwili hutumia kifaa kinachobadilishwa upana, kila mtu achague panapomfaa. Ukipata nguvu hapo ndipo uanze kupanua kidogo kidogo kwa kubandika vipande vya plaiwudi.

Unaona, kaka wa Nakuru, nimeanza kuzungumza kama wewe.

Mbano wa Bondeni (Nakuru)

Nimerudi na matokeo. Baada ya maneno ya Fundi wa Vihiga sikulala vizuri. Nilijiambia, kama kweli sahani za katikati ndizo zinazoachia, basi nikizifanya zishikane, tano za kilo 5 lazima ziwe rahisi ghafla. Na nikifanya hivyo kwa mbili za 20, kusibadilike kitu.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulifuta sahani zote kwa mafuta ya taa, tukazikausha. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli, nikaviweka kati ya kila sahani na mwenzake. Unene uliongezeka kidogo tu, tano zikafika sentimita 11. Maana yake kwa upana ni ngumu zaidi kuliko zamani.

Kijana wa mbili za 20, yule ambaye hajawahi kuzitikisa tano, aliziinua mara ya kwanza. Alisimama nazo akatutazama, hakuna aliyesema kitu. Mimi nilijaribu mara tatu, ya tatu zikapanda hadi gotini. Fundi wa magari tulimnawisha mikono kwa sabuni ya unga, akaongezewa ya sita. Kilo 30, akasimama wima. Tulipoondoa tyubu, sita zilimmwagikia palepale kutoka katikati, na kijana wetu akarudi kushindwa na tano.

Kisha tukaweka tyubu kati ya mbili za 20. Hakuna kilichobadilika. Aliyeweza aliweza, aliyeshindwa alishindwa, ila fundi wa magari mikono yake ikiwa safi alizipandisha kiasi cha upana wa kidole. Kwa hiyo ile oili ilikuwa inamdhulumu.

Kuanzia sasa ubao wa jimu yetu una safu nne: kilo, upana, vipande, na saa. Dada Fizio, safu ya tano ni yako, tumeandika "ncha imejikunja au la". Kondele, mbili za 20 bado ziko juu kwenye orodha ya sahani mbili, na hapo sitabishana nawe. Jumamosi ijayo tunaweka nne za 10, kwanza na tyubu, halafu bila. Ukipata nafasi panda matatu uje, ila fika kabla ya saa tatu, jua halijakolea.

Chuma cha Kondele (Kisumu)

Nakuja. Nabeba chaki yangu na sahani zangu mbili za 20, zile za Kisumu, tuone kama zinafanana na zenu.